Subaru yenye nguvu, bwati dhaifu: ginsi ya kuchagua bwati ya vitesi itakayodumu

Motere inaongezewa nguvu, gari inakimbia kuliko zamani na mwenye nayo anafurahi. Kisha siku moja, wakati wa kuondoka kwa nguvu ao wa kubadilisha vitesi kwa haraka, sauti ya chuma inasikika chini ya gari na vitesi ya 3 haiingii tena. Kwa wenye magari ya Subaru Impreza WRX hadithi hii inajulikana toka Japani hadi Uingereza. Inajulikana pia Nairobi na Kampala, pahali magari haya yanapendwa sana barabarani na katika mashindano ya rally.

Swali linalofuata ni la pesa: kuweka bwati gani sasa? Hapa ni mazungumzo juu ya bwati ya vitesi, ile ambayo majirani wa Uganda na Kenya wanaita giaboksi. Wengi wanakimbilia bwati yoyote ya okazioni inayofanana na ile iliyovunjika. Wengine wanatafuta ile yenye vitesi 6 bila kupima kitu kingine chochote, kwa kufikiri kwamba 6 ni zaidi ya 5. Wote wawili wanaweza kulipa mara mbili, kwani bwati ya gari inayovuta kwa magurudumu yote 4 haichaguliwi peke yake. Inachaguliwa pamoja na diferansieli ya nyuma, ambreyaji na, zaidi sana, kazi ambayo gari itafanya.

Kwa nini ile ya vitesi 5 inavunjika

Impreza WRX ya kwanza ilitoka Japani mwishoni mwa mwaka 1992. Ilikuwa na motere ya lita 2 yenye turbo, nguvu ya farasi 240, na nguvu ya kuzungusha ya Nm 304. Bwati yake ilikuwa ya vitesi 5, ya familia ambayo mafundi wanaijua kwa alama ya TY75. Hesabu hiyo ya 75 ina maana: ni milimita 75 kati ya mihimili miwili inayobeba pinyo, yaani zile gurudumu za chuma zenye meno. Ni karibu upana wa vidole 4 vya mtu mzima.

Umbali huo mdogo unafanya pinyo ziwe ndogo. Pinyo ndogo ikipewa nguvu ileile ya kuzungusha, kila jino linabeba mzigo mkubwa kuliko jino la pinyo kubwa. Kwa gari ya kiwanda, ambayo dereva wake anaondoka pole, bwati hii inaweza kufanya miaka mingi. Shida inaanza wakati motere inabadilishwa lakini bwati inabaki ileile.

Hesabu ni rahisi. Katika bwati nyingi za WRX za miaka ya 2000, vitesi ya kwanza inazidisha nguvu ya motere kwa 3,454. Motere ikitoa Nm 300, ndani ya bwati inakuwa karibu Nm 1036. Kisha pinyo ya mwisho, yenye kuzidisha kwa 3,9, inafikisha zaidi ya Nm 4000 kwa magurudumu. Sasa turbo ikiongezewa shinikizo na motere ikafika Nm 450, meno yaleyale ya vitesi ya kwanza yanapashwa kupitisha Nm 1554. Hakuna aliyeyabadilisha wala kuyaongezea upana.

Kuna jambo la pili, nalo linahusu kuvuta kwa magurudumu yote 4. Gari inayovuta kwa magurudumu 2 tu, ikiondoka kwa nguvu, mipira inateleza, na huko kuteleza kunapunguza mshituko kabla haujafika ndani. Subaru inashika chini kwa mipira 4 kwa mara moja. Nguvu haipati pahali pa kutokea, na mshituko wote unarudi kwa meno ya pinyo.

Ndiyo maana lami kavu yenye mipira mizuri inavunja bwati kwa urahisi kuliko barabara ya udongo. Kwenye udongo na changarawe, mipira inateleza kidogo na kuiokoa bwati. Ila gari ikiruka na kuanguka huku dereva amekanyaga mafuta, magurudumu yaliyokuwa yakizunguka hewani yanashikwa ghafla na ardhi, na pigo hilo linaenda moja kwa moja ndani ya bwati. Madereva wa rally wanafundishwa kuachilia mafuta kidogo kabla ya kutua.

Jambo la tatu ni sanduku lenyewe. Lile la vitesi 5 limetengenezwa kwa alumini na limegawanyika kwa urefu: nusu ya kushoto na nusu ya kuume, zikifungwa pamoja kwa buloni. Likipewa nguvu nyingi, linajipinda kidogo. Mihimili inaachana kwa kipimo kidogo sana, na meno yanaanza kugusana kwa ncha tu badala ya uso wote. Jino linaloshikwa kwa ncha linakatika. Vitesi ya 3 inateseka zaidi, kwani hapo turbo iko na shinikizo lote kwa muda mrefu, na mipira haitelezi tena.

Viwanda vitatu, matokeo matatu

Kufikiri kwamba vitesi 6 zina nguvu kuliko 5 ni kosa ambalo linaonekana vizuri ukitazama yale viwanda vya Japani vilifanya.

Mwaka 1999 Nissan iliweka bwati ya vitesi 6 ya Getrag, kampuni ya Ujerumani, katika Skyline GT-R ya R34, wakati zile za mbele zilikuwa na vitesi 5. Mwaka 2000 Subaru nayo ilileta bwati yake mpya ya vitesi 6 katika Impreza WRX STI, gari ya farasi 280 na Nm 373. Mwaka 2003 Mitsubishi ikaweka vitesi 6 katika Lancer Evolution VIII, huku matoleo mengine ya gari hiyohiyo yakibaki na vitesi 5.

Kwa Subaru, mabadiliko yalikuwa ya kweli. Bwati mpya, familia ya TY85, ina milimita 85 kati ya mihimili badala ya 75. Pinyo ni kubwa na pana zaidi, sanduku ni gumu zaidi, na ndani kuna pompi inayosukuma mafuta mpaka kwa pinyo. Ni nzito kuliko ile ya zamani, na uzito huo unatoka kwa chuma kilichoongezwa pahali kilihitajika.

Kwa Mitsubishi, mafundi wengi wanaotengeneza Evolution za nguvu nyingi walirudi kwa bwati ya vitesi 5. Ukiweka jozi 6 za pinyo karibu katika nafasi ileile ya jozi 5, kila pinyo inapunguzwa upana. Dereva anapata vitesi zaidi, lakini meno yanakuwa membamba. Kwa hiyo mwenye Subaru akisikia rafiki mwenye Evolution anasema «usiguse ile ya vitesi 6», na mwenye Evolution akisikia rafiki wa Subaru anasema «weka 6 tu», wote wawili wanasema kweli, kila mtu kwa gari yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kwa muuzaji linahusu umbali kati ya mihimili, upana wa pinyo na ugumu wa sanduku. Hesabu ya vitesi inakuja kisha.

Njia 4 zilizo mbele ya mwenye gari

Njia ya kwanza ni kurudisha bwati ileile ya vitesi 5 na kupunguza mshituko. Wengi wanaidharau, lakini kwa gari ya kwenda kazini ambayo motere yake imeongezewa nguvu kidogo tu, inaweza kutosha. Fundi wa kompyuta ya motere anaweza kuweka shinikizo la turbo liwe dogo katika vitesi za chini na kulifungulia katika za juu. Dereva naye anaacha kuondoka kwa kuachilia ambreyaji ghafla motere ikizunguka mara 5000 kwa dakika. Ambreyaji ya mashindano, ile inayoshika kwa mara moja bila kuteleza hata kidogo, haifai hapa: ambreyaji ya kawaida inayoteleza kidogo inaiokoa bwati kwa njia ileile kama mpira unaoteleza.

Njia ya pili ni kubakisha sanduku la zamani na kuweka ndani pinyo zenye nguvu zaidi. Makampuni kama PPG ya Australia na Quaife ya Uingereza yanajulikana kwa kazi hiyo. Pinyo hizo ni za chuma bora, na mara nyingi meno yake yamekatwa wima badala ya kulala upande. Meno yaliyolala yanatembea kimya, lakini kila yakibeba mzigo yanasukuma mihimili kwenda mbele na nyuma. Meno wima hayasukumi hivyo, na sanduku linapumzika. Bei yake kwa dereva ni kelele: bwati inalia kama filimbi kubwa toka asubuhi mpaka jioni. Na tena, sanduku lenyewe linabaki lile lile linalojipinda.

Njia ya tatu ni kuhamisha bwati nzima ya vitesi 6 toka kwa STI. Ndiyo wengi wanachagua kwa gari ya barabarani yenye nguvu nyingi, kwa sababu ni kazi ya kiwanda: ina sinkro, haipigi kelele, na inaweza kutembea katika mji wenye msongamano kila siku. Lakini si kufungua moja na kufunga ingine, kama itakavyoonekana chini.

Njia ya nne ni bwati ya mashindano isiyo na sinkro, ambayo pinyo zake zinashikana kwa meno makubwa ya pembeni, ao ile ya kusukuma fimbo mbele na nyuma tu. Inabadilisha vitesi kwa haraka sana na inavumilia nguvu nyingi. Lakini imetengenezwa kwa mtu anayeifungua na kuikagua kila kisha ya mashindano. Katika msongamano wa mji, dereva akibadilisha vitesi pole pole, meno hayo yanagongana na kulika. Mtu anayeiweka katika gari ya kupeleka watoto masomoni atajuta haraka.

Hapa inafaa kukumbusha jambo moja kwa wale wanaopenda historia ya rally. Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1995 na Impreza, na mwaka 1997 alishinda Safari Rally ya Kenya na gari ya familia hiyo. Lakini magari hayo yalitayarishwa na Prodrive ya Uingereza na yalibeba bwati za mashindano, si zile zinazouzwa dukani. Mtu asiseme kwamba bwati ya vitesi 5 ya kiwanda ina nguvu kwa sababu Impreza ilishinda Safari.

Mbele na nyuma zinapashwa kukubaliana

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Katika Subaru, bwati inabeba ndani yake pia diferansieli ya mbele na ile ya katikati. Diferansieli ya nyuma iko peke yake, mwisho wa kadani ndefu. Ukibadilisha bwati, umebadilisha hesabu ya mbele. Kama ya nyuma haikubaliani nayo, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kuzunguka kwa mwendo tofauti juu ya barabara moja.

Mfano: mtu anaweka bwati yenye hesabu ya mwisho ya 4,444 huku nyuma kukibaki 3,9. Tofauti ni karibu 14 kwa mia. Diferansieli ya katikati, ambayo inapashwa kufanya kazi kidogo tu kwenye kona, inafanya kazi kila mita ya safari. Inapata joto na inajifunga, kisha bwati mpya inakufa mbele ya mwezi kuisha. Mwenye gari analaumu muuzaji, kumbe bwati ilikuwa nzima.

Kuna mtego mwingine ndani ya hesabu hii. Bwati nyingine za WRX zina 3,9 mbele, lakini nyuma diferansieli ni ya 3,545. Mtu akiona hesabu hizo mbili anaweza kufikiri kwamba haziendi pamoja, kumbe zinaenda. Ndani ya bwati hiyo kuna jozi ndogo ya pinyo inayopeleka nguvu nyuma, nayo inazidisha kwa 1,1. Ukizidisha 3,545 kwa 1,1 unapata 3,8995, ambayo ni sawa na 3,9. Bwati nyingine zina jozi hiyo kwa 1 kwa 1, na hizo zinadai 3,9 nyuma. Kwa hiyo haitoshi kuuliza muuzaji «ni 3,9?». Inapashwa kuuliza pia ile jozi ya kwenda nyuma ni ya ngapi.

Fundi asiye na kitabu anaweza kupima mwenyewe. Ainue nyuma ya gari kwa usalama, aweke alama ya chaki kwa gurudumu na kwa kadani, kisha azungushe magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja mara 10. Kadani ikizunguka mara 39, diferansieli ni ya 3,9. Ikizunguka mara 35 na nusu, ni ya 3,545. Ikizunguka mara 44 na kidogo, ni ya 4,444. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na inaweza kuokoa bwati nzima.

Kwa sababu hiyohiyo, mipira 4 ya gari hii inapashwa kuwa ya kipimo kimoja na iliyolika sawasawa. Kuweka mipira 2 mipya mbele na kuacha 2 ya zamani nyuma ni kupatia diferansieli ya katikati kazi ambayo haikuombwa.

Bei ya bwati si bei ya kazi yote

Kwa anayechagua bwati ya vitesi 6 ya STI katika WRX ya zamani, orodha ya pyesi ni ndefu. Ambreyaji ya STI ina upana wa milimita 240, wakati ile ya WRX nyingi ni 230. Inadai pia sahani nzito ya motere inayoendana nayo. Tena kuna ambreyaji zinazofunguliwa kwa kuvutwa na zingine kwa kusukumwa, na hazichanganywi. Kadani inapashwa kuwa ya urefu unaofaa bwati mpya. Chuma kinachobeba bwati chini ya gari kinabadilishwa ao kinatengenezwa upya, pamoja na fimbo ya kubadilisha vitesi.

Nyuma, inafaa kupanda toka diferansieli ya R160 kwenda R180. Hesabu hizo ni kipimo cha pinyo kubwa ya ndani kwa milimita, na ndiyo STI nyingi zilitumia. R180 inadai kadani fupi za magurudumu zinazoingiana nayo, kwani kuna zile za kuingia ndani na zile za kupokea. Ukinunua bwati na kusahau hizo, gari inakaa juu ya mawe garajini ikingoja pyesi moja.

Kisha kuna umeme. STI nyingi zina diferansieli ya katikati inayofungwa kwa sumaku ya umeme, ambayo dereva anaweza kuiongoza kwa kitufe. Subaru inaiita DCCD. Ukiweka bwati hiyo bila kompyuta ndogo inayoiongoza, inabaki wazi, na gurudumu moja likiteleza kwenye matope, nguvu inakimbilia huko. Gari iliyonunuliwa kwa sababu inavuta kwa magurudumu yote inaweza kubaki imesimama. Kwa hiyo kompyuta hiyo inunuliwe siku moja na bwati, na kifaa cha kupima mwendo wa gari kikaguliwe kama kinasomwa na saa za gari.

Jambo lingine linashangaza watu: STI nyingi za kwanza zina vitesi ya 6 fupi kuliko vitesi ya 5 ya WRX. Ya 6 ni 0,842. Ya 5 ya zamani ni 0,738. Kwa mwendo uleule, motere iliyokuwa ikizunguka mara 3000 kwa dakika itazunguka karibu mara 3400. Kwa mtu wa safari ndefu, maana yake ni kelele zaidi na mafuta zaidi. Matoleo ya kisha yalipewa vitesi ya 6 ndefu zaidi, kwa hiyo anayesafiri sana aulize mwaka wa bwati na gari iliyotoka ndani.

Kununua okazioni bila kudanganywa

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Congo, pyesi za aina hii zinafika kwa njia ya Mombasa na Dar es Salaam, ao zinatafutwa Kampala katika soko la Kisekka, Nairobi upande wa Grogan, na hata Dubai. Ni okazioni, na okazioni haina garanti ndefu. Kabla ya kutoa pesa, mnunuzi anaweza kufanya mambo 5.

Kwanza, kusoma alama iliyo juu ya bwati. Ikianza na TY75, mara nyingi ni ya vitesi 5. Ikianza na TY85, ni ya vitesi 6. Herufi na hesabu zinazofuata zinaonyesha toleo, na ndizo za kumpelekea fundi kwa picha. Bwati za Forester na Impreza zisizo na turbo zinafanana kwa sura na zile za turbo, na hapo ndipo watu wanachanganywa.

Pili, kufungua buloni ya chini na kutazama mafuta. Unga laini wa chuma kama rangi ya kijivu ni jambo la kawaida kwa bwati iliyotumika. Vipande vinavyokwaruza vidole si vya kawaida: ni jino ao ni sinkro. Mafuta yenye harufu ya kuungua yanaonyesha joto la muda mrefu.

Tatu, kuingiza vitesi zote kwa mkono, moja moja, huku mhimili wa mbele ukizungushwa. Kila vitesi inapashwa kuingia na kuzunguka bila kugonga kwa mpigo. Pigo moja kila mzunguko linaonyesha jino lililokatika.

Nne, kushika mhimili unaoingia kwa motere na kuutikisa. Mchezo mdogo sana unavumiliwa. Ukicheza waziwazi, rulima zimechoka.

Tano, kukagua sanduku lenyewe kwa tochi, hasa pahali linapofungwa kwa motere na kuzunguka buloni. Ufa mdogo uliofutwa mafuta na kupakwa rangi unaonekana ukitazama vizuri.

Bwati ikisha kufungwa, mafuta yanapashwa kuwa yale kiwanda kinadai: 75W-90 ya aina ya GL-5, karibu lita 3 na nusu kwa ile ya vitesi 5 ya turbo, na karibu lita 4,1 kwa ile ya vitesi 6. Mafuta hayo yanalainisha pinyo na diferansieli ya mbele kwa pamoja. Yakipungua, vyote viwili vinakufa.

Kuchagua kulingana na kazi

Mtu anayeendesha kila siku, ambaye motere yake haikuongezewa nguvu nyingi, anaweza kurudisha bwati ya vitesi 5 iliyo nzima, kupunguza shinikizo la turbo katika vitesi za chini na kubadilisha namna ya kuondoka. Pesa inayobaki inunue mipira na breki. Mwenye gari ya barabarani yenye nguvu nyingi, ambaye hataki kelele na hataki kufungua bwati kila mara, njia yake ni bwati ya STI, kwa sharti anunue pyesi zote kwa pamoja na kupima nyuma kwanza. Mwenye kukimbia katika rally na mwenye fundi wake, huyo ndiye atafaidika na pinyo za meno wima ao bwati isiyo na sinkro.

Na wote watatu wakumbuke kwamba bwati yenye nguvu haiondoi mshituko. Inaupitisha tu mpaka kwa pyesi dhaifu inayofuata: kadani, diferansieli ya nyuma, ao vishikio vya gurudumu. Bwati ikivunjika gari inasimama, mara nyingi pole pole. Lakini gurudumu likijifunga ghafla kwenye mteremko wenye kona, gari inatoka barabarani na waliomo wote. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwenye gari akae na fundi wake na kuandika mambo 4 kwenye karatasi: nguvu ya kuzungusha ya motere, kazi ya gari, hesabu ya diferansieli ya nyuma, na pesa iliyopo kwa pyesi zote. Kama moja kati ya hayo haijajulikana, bwati isinunuliwe bado.